Namba ya Maimuna

Kiswere,
9 Machi 2024

Mwanangu Pazi,

Assalaam alaykum. Naandika nikiwa mzima wa mwili, alhamdulillahi, na naomba barua ikukute wewe nawe mzima, kazi inakwenda na usingizi unaupata. Hapa mvua zimeshika. Wajukuu hawajambo. Sauda yuko darasa la tatu sasa na mdogo wake ameanza kutembea, anavunja kila anachokishika. Pweza ni wachache mwezi huu, wanawake tunarudi pwani na ndoo nusu. Ramadhani hiyo inabisha hodi, kwa hiyo nakuomba radhi kama ninavyowaomba majirani.

Najua utasema shangazi ana simu, ya nini kuandika. Simu ya humu ndani ni ya watu wote. Ikiita Sauda anaipokea, anaiweka sauti ya juu, na kila aliyekaa barazani amepata habari. Hili la leo silitaki barazani. Nimempa dereva wa gari la samaki akufikishie mkononi huko Mingoyo.

Ni habari ya Maimuna. Siku ile ya Jumatatu tulipomleta hospitalini kwenu ulinivuta pembeni, ukaniambia mmempigia alama za hatari kabla ya kumpasua, na kwamba kati ya watu kumi wenye hali kama yake, wanne hawarudi nyumbani. Nilikuelewa. Nikatia sahihi kwa niaba ya mumewe, mwanangu Bakary, maana hakuwa amefika. Mkampasua, na Jumatano akatutoka.

Sasa nauliza. Maumivu yalimwanza Ijumaa. Bakary alikuwa Masasi na mzigo wa samaki, akasema kwenye simu, "Msubirini, nije nimpeleke mwenyewe." Tumbo lilishamsumbua Maimuna kabla ya hapo likapoa, kwa hiyo Bakary hakudhani ni jambo kubwa. Tukasubiri. Mimi nilikuwepo, nilikuwa namkanda kwa maji ya moto. Je, kama tungemleta Ijumaa ile ile, ungeniambia wangapi kati ya kumi?

Nijibu kwa barua.

Shangazi yako,
Hamida


Mingoyo,
24 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako dereva aliniletea mpaka kwenye chumba nilichopanga, akakataa hata maji kwa kuwa amefunga. Nimefurahi kusikia mtoto anatembea. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, wagonjwa wa msimu wa mvua unawajua, lakini sijambo. Nafuturu na wenzangu wawili wa wodini, mmoja ni Antonia, muuguzi, Mkatoliki, lakini uji wake wa futari hauna mfano.

Shangazi, kuhusu marehemu Maimuna. Kidole tumbo ni ugonjwa mgumu. Mara nyingine kinaanza polepole, mara nyingine kinapasuka mapema, na miili ya watu haifanani. Alama zile tunazipiga kwa hali ya mgonjwa anapofika, hatuzipigi kwa hali ambayo angekuwa nayo. Muda wa kuishi kila mmoja wetu umeandikwa na Mwenyezi Mungu, na yeye ndiye ajuaye. Naomba usijisumbue na mawazo haya. Tumwombee.

Nimemtumia Sauda kalamu za rangi kwa dereva huyo huyo. Nisalimie kaka Bakary. Mwambie akipita Mingoyo na mzigo asinipite.

Wako mtiifu,
Pazi


Kiswere,
20 Aprili 2024

Mwanangu Pazi,

Marahaba. Idi tumekula salama. Sauda anashukuru kwa kalamu, amechora ukuta mzima.

Sikukuuliza habari ya Mungu. Habari ya Mungu ninayo, nilifundishwa kabla baba yako hajazaliwa. Nilikuuliza habari ya hesabu yako. Ulipokuwa unataka sahihi yangu ulinipa namba waziwazi, hukuniambia Mungu ndiye ajuaye.

Nangoja.

Shangazi yako,
Hamida


Kiswere,
7 Julai 2024

Mwanangu Pazi,

Assalaam alaykum. Nimengoja barua yako mpaka nimeacha kumuuliza dereva, maana na yeye ameanza kuona haya. Watoto ni wazima. Bakary anakwenda na kurudi. Akija anawauliza watoto kama wamekula, wakisema ndiyo ananyanyuka, chakula chake nakifunika mpaka kinachacha. Mimi goti linanisumbua lakini natembea.

Nakupa habari ya msiba. Tumemzika mzee Shaaban, mume wa jirani yangu Mwanaheri. Ngiri yake unaijua, ya miaka. Safari hii ilitoka ikagoma kurudi, ikawa ngumu kama jiwe, akaanza kutapika. Mwanaheri alikuja kwangu mbio, nikamwambia hapa hapana kungoja, tafuta gari. Gari likapatikana. Shaaban akashika nguzo ya mlango, akasema, "Siendi. Huko wanakupigia namba. Namba yako ikiwa mbaya wanakuacha ufe, kama walivyomwacha mke wa Bakary. Nifie kwangu." Tulimbembeleza mpaka sauti zikatukauka. Watoto wake wa kiume wakasema mzee asilazimishwe. Akafia kwake kama alivyotaka.

Maneno hayo, Pazi, ndiyo yanayosemwa hapa tangu arobaini ya Maimuna. Kwamba madaktari walimhesabu, wakaona ni wa kufa, wakamweka kando, ndiyo maana aliingia kupasuliwa jua limeshazama. Aliyeyaanzisha namjua, na sitamtaja. Wanawake wanne wa mtaa huu wameniambia kwa vinywa vyao kwamba hawatapeleka mtu kwenu.

Nilikuwa pale. Nilikuona umeshika mkono wa Maimuna huku jasho linakutoka, najua hukumwacha. Lakini nikisema hivyo wananiuliza: basi kwa nini alikufa? Na mimi sina la kuwajibu, kwa sababu wewe hukunijibu.

Kama unanyamaza kwa kumstahi mtu, jua kwamba Shaaban hakuna aliyemstahi.

Shangazi yako,
Hamida


Mingoyo,
12 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina habari za nyumbani za kutanguliza. Habari ya mzee Shaaban niliisoma nimesimama mlangoni. Mpe mama Mwanaheri pole yangu. Ngiri iliyokwama namna ile, kwa mtu wa umri wake aliyefika mapema, wengi tunawarudisha kwao wakitembea.

Nakujibu ulichoniuliza mwezi wa tatu.

Maimuna angefika Ijumaa, au hata Jumamosi, ningempigia alama kwa vipimo vile vile. Tunaangalia umri, mapigo ya moyo, presha, pumzi, mkojo, maradhi mengine aliyonayo, na kama tumbo limechafuka ndani au bado. Ningemkuta mwanamke mwenye afya yake, kidole tumbo kimevimba tu. Watu wa namna hiyo ni vigumu kuwahesabu kwa kumi. Chukua watu mia. Pengine tungempoteza mmoja, na mara nyingi hata huyo mmoja hatumpotezi.

Jumatatu kidole kilikuwa kimepasuka. Usaha ulikuwa umejaa tumbo zima, presha iko chini, mkojo hautoki. Hapo ndipo nilipopata wanne kati ya kumi.

Hiyo ni habari ya siku zenu. Sasa nikupe ya saa zetu, ambayo hukuiuliza.

Mlifika asubuhi. Maimuna aliingia kupasuliwa baada ya magharibi. Waliosema hivyo huko Kiswere hawakusema uongo. Ila sababu si ile wanayoisema. Tuna mtaalamu mmoja tu wa usingizi, na siku ile watu waliingia kwa kufuata nani ameandikwa mwanzo. Mbele yake kulikuwa na mzee aliyekuja kupasuliwa busha, mtu ambaye angeweza kungoja hata mwezi mzima. Alama za Maimuna nilizipiga mimi, nikaziandika kwenye faili, nikaja kukuambia wewe. Nilimwambia na msimamizi wa zamu, akasema tutaona. Hakuna aliyezitumia kubadili foleni. Sikupiga kelele. Nina mwaka mmoja tu kazini, nikaona nimeshasema.

Kila mwisho wa mwezi tunakaa na alama za wote waliopasuliwa kwa dharura, tunazilinganisha na yaliyowatokea. Ndiyo kazi yake kubwa hasa, shangazi. Zinatupima sisi. Zikisema fulani alikuwa wa kupona na amekufa, tunaulizana tulimfanyia nini. Zikisema hali ya fulani ilikuwa ngumu na amepona, tunaulizana pia, ili turudie tulichofanya. Maimuna alijadiliwa mwezi wa pili. Mmoja wetu akasema, "Wanne kati ya kumi hufa, na huyu alikuwa katika wanne." Mganga mkuu wetu, Daktari Leonard, akauliza, "Na sita wanapona. Kwa nini hakuwa katika sita?" Msimamizi wa zamu alikuwa anaangalia meza.

Tangu kikao hicho foleni imebadilika. Mwenye alama mbaya ndiye anayetangulia kuingia, hata kama amefika wa mwisho. Kwa hiyo namba aliyoiogopa mzee Shaaban ndiyo ambayo ingempitisha mbele ya wote.

Unasema namstahi mtu. Ni kweli, nilimwonea huruma kaka Bakary. Lakini na mimi nilijihurumia. Nisingeweza kumweleza siku zake bila kumweleza saa zetu, na nilikuwa sitaki kuzisema kwa ndugu yangu.

Fanya na barua hii unavyoona.

Pazi


Kiswere,
1 Septemba 2024

Mwanangu Pazi,

Assalaam alaykum, na marahaba. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Ahsante. Kama ungeniandikia hivi mwezi wa tatu ningekuwa nimekasirika kidogo na kushukuru zaidi. Sasa ni kinyume chake, lakini nimeshukuru.

Watoto hawajambo. Sauda meno ya mbele yameota, makubwa kama ya baba yake. Mwanaheri yuko edani, nampelekea maji na kukaa naye. Nilimwambia yote uliyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimekusikia, Hamida. Lakini ni wanaume waliosema mume wangu asilazimishwe kupanda gari, na wanaume hawatakusikiliza wewe."

Kwa hiyo nikamwambia Bakary. Nilingoja amalize kupanga matenga ya dagaa uani, nikamkalisha. Sikumsomea, nilimwambia kwa mdomo. Nilianza na saa zenu, nikamaliza na siku zetu. Nilidhani atapaza sauti. Aliniuliza tu, "Mama, umejua tangu lini?"

Nikamwambia, "Kwa hesabu, tangu Julai. Kwa moyo, tangu nilipokuwa namkanda na maji yakawa yanamuuma badala ya kumpoza."

"Na hukunipigia simu ukaniambia hali imebadilika?"

"Nilikupigia. Ulisema unakuja."

Akasema, "Ndiyo. Nilisema nakuja."

Kesho yake akapakia mzigo akaondoka. Ni wiki kadhaa sasa hajarudi. Anapiga simu kuongea na watoto. Mimi haniulizi. Sauda akiniletea simu inakuwa imeshakatika.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nimezaa watoto watano, nimebaki na huyu, na nimemwambia jambo ambalo mama mwingine angekufa nalo. Ukimwona barabarani usimtafutie maneno matamu. Mpe maji ya kunywa.

Shangazi yako,
Hamida


Mingoyo,
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, mafuta niliyomkabidhi dereva umeyapata. Hapa jua ni kali. Antonia, yule muuguzi wa uji, anaolewa Desemba huko kwao milimani nyuma ya Kilwa, na amesema shangazi yangu aje.

Kaka Bakary alikuja kwangu Jumapili iliyopita. Nilikuwa nje nafua. Amekonda. Nilimpa maji kama ulivyosema, akayanywa yote amesimama, kisha akageuza ndoo akaikalia.

"Mama ameniambia," akasema. "Sasa niambie wewe. Usinipunguzie."

Nikamwambia vile vile nilivyokuandikia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akachukua shati langu kwenye beseni, akalikamua.

"Kwa hiyo siku zangu zilimtoa kwenye mmoja wa mia, zikamweka kwenye wanne wa kumi."

"Ndiyo, kaka."

"Na saa zenu?"

"Zilimwongezea hatari. Kiasi gani sijui. Hesabu haifiki huko."

"Basi tuligawana," akasema.

Akatundika shati, akachukua jingine. Kisha akaniuliza, "Aliogopa?"

Nilitaka kumdanganya, shangazi. Nikamwambia, "Aliogopa. Alikuwa anauliza kama umefika."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu uko njiani."

"Nilikuwa njiani kweli," akasema. "Nilikuwa Nanganga, gari limeharibika, nagombana na fundi." Hapo ndipo alipolia. Alilia huku anakamua nguo, mimi nikaendelea kusuuza, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Alipotulia akaniambia jambo ambalo nadhani unalijua. Yale maneno ya kwamba tulimhesabu Maimuna tukamwacha, aliyasema yeye. Siku ya arobaini wanaume walimuuliza imekuwaje, naye akaona hawezi kukiri kwamba ndiye aliyesema wasubiri. Akasema la kwanza lililomjia. "Sikujua litatembea," akasema. "Sikujua litafika kwa Shaaban." Ulimjua aliyeanzisha, shangazi, na hukumtaja hata kwangu. Sikulaumu. Na mimi nilikuwa na langu.

Alilala hapa. Nilimpikia wali na maharage, akala. Asubuhi nikaamka nikakuta ameshaondoka. Hakuniambia anakwenda Masasi au anarudi huko.

Pazi


Kiswere,
3 Novemba 2024

Mwanangu Pazi,

Marahaba, mwanangu. Goti limepoa, mafuta yako yananuka lakini yanafaa. Mwambie Antonia nitakuja harusini kama nitapata wa kunishika mkono kwenye ule mlima. Mwanaheri bado yuko edani. Watoto wazima. Bakary yuko nyumbani tangu mwezi uliopita, anakula, si sana, lakini sahani naikuta nyeupe. Jana mtoto wa dada yake Mwanaheri alishikwa na tumbo, na baba yake hakungoja adhuhuri. Nadhani mmeshampokea. Mtazameni.

Nataka ujue ilivyokuwa, usije ukasikia kwa mwingine ikiwa imeongezwa chumvi.

Ilikuwa Ijumaa iliyofuata baada ya Bakary kutoka kwako. Alifika asubuhi, akaoga, akavaa kanzu, hakunieleza kitu. Baada ya swala imamu alipomaliza dua, Bakary alisimama akaomba ruhusa ya kusema. Sisi wanawake tuko upande wetu, kuna pazia tu katikati na siku ile lilikuwa limesogezwa kwa sababu ya joto. Nilimwona vizuri.

Alisema, "Mke wangu Maimuna hakuachwa na madaktari. Niliwaambieni hivyo siku ya arobaini, na nilisema uongo. Maimuna alishikwa Ijumaa, nikasema asubiriwe mpaka nije. Alifika huko Jumatatu, ameshaharibika. Nao walimchelewesha saa kadhaa, wamekiri, wamejirekebisha. Lakini siku zilikuwa zangu. Namba waliyompa ilikuwa mbaya kwa sababu mimi nilimchelewesha. Siku ya kwanza namba yake ilikuwa nzuri. Na mzee Shaaban amekufa kwa maneno yangu."

Watoto wa Shaaban walikuwa safu ya mbele. Mkubwa wao alisimama. Nikajua, Pazi, sasa ni mikono. Akamtazama Bakary usoni. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuitegemea, "Sisi ndio tuliosema mzee asilazimishwe." Akaketi. Akajifunika uso na kofia yake.

Mwishoni mzee mmoja wa nyuma, mvuvi, hata jina lake silijui vizuri, anatoka upande wa bandarini, akauliza, "Sasa hayo maumivu yanaanzaje? Mtu utajuaje kwamba hili si tumbo la kawaida?"

Nikadhani Bakary hatajibu. Hakuwepo Ijumaa ile. Lakini Maimuna alimweleza kwenye simu, kila mara alipopiga, na kumbe alikuwa amelishika kila neno. Akawaeleza. Kwamba Maimuna alisema linaanza kitovuni, linakuja na kuondoka, unadhani ni chakula. Kwamba hamu ya kula inakwisha kabisa, hata ya chai. Kwamba akicheka linamuuma, akikohoa linamuuma. Kwamba usiku linahama. Wanaume walikuwa wamesogea, wengine wamekaa kwenye magoti. Alipofika hapo pa kuhama alijishika mwenyewe, chini upande wa kulia, akasema, "Hapa. Aliniambia ni hapa," na akabaki ameshika, na hakuna mtu aliyemwambia aketi.

Shangazi yako,
Hamida